Kulwa, Doto na Shija

"Ukiizima haitaamka," alisema Mama Yash, akiwa amesimama mbele ya seva kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa jikoni.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Lakini haitaamka."

Dorotea alicheka. Studio hii ya picha, mtaani Mabatini, aliianzisha marehemu Mzee Chandulal, mume wa Mama Yash, na nusu ya mji iliwahi kukaa kwenye kiti chake ikaambiwa inyanyue kidevu. Filamu zake ziliota ukungu zikaharibika. Zilizosalia ni picha zilizowahi kuhamishiwa kwenye seva. Dorotea ndiye fundi wa mashine hiyo, na kwa kuwa ni Msukuma, tena pacha, diski mbili zilizobeba picha zilezile aliziita Kulwa na Doto. Ya tatu, iliyokaa tu ikingoja mmoja wao augue, aliiita Shija, kama anavyoitwa mtoto anayewafuata mapacha.

Sasa Kulwa alikuwa ameugua. Programu ya zamani ilikuwa na roho mbaya: diski ikijikwaa mara moja, inafukuzwa. Ikamfukuza Kulwa, ikamwamuru Shija anakili kila kitu kutoka kwa Doto. Kumbe Doto naye alikuwa na mahali pasiposomeka. Shija akakwama hapo, na taa nyekundu ikawaka.

Na hapohapo ndipo ilipokuwa picha ya wasichana wawili wenye sare mpya za shule, wameshikana mikono. Dorotea na pacha wake. Kulwa wa kweli, yule wa damu, alichukuliwa na malaria kabla muhula haujaisha, na nyumbani Kiseke hakuna picha yake nyingine. Juzi Dorotea alipoifungua ilitoka nusu: nywele na mapaji ya uso, chini yake kijivu kitupu. Tangu hapo hakula akashiba.

"Toleo jipya halifukuzi mgonjwa, mama. Linamrudisha Kulwa, halafu linaokotaokota. Alichosahau huyu, linamwuliza yule. Shija anapokea kwa wote wawili. Ila lazima niizime, niiwashe upya."

"Na Kulwa akifa hapo katikati?"

"Basi na mimi nimeikosa picha yangu." Hakuficha. "Lakini tukikaa kumtazama atakufa vilevile, na tutakuwa hatujamwuliza chochote. Naomba nipishe, mama yangu."

Mama Yash alikitazama kiti cha mumewe. Kisha akapisha.

Mashine ikazimika. Feni iliponyamaza, wakasikia cherehani za barazani kwa jirani. Dorotea akaweka toleo jipya, akawasha. Doto akaitika. Shija akaitika. Kulwa akakwaruza, akanyamaza, akakwaruza tena.

"Amka, dada," Dorotea alisema kwa sauti, bila haya yoyote. "Hili tu, kisha upumzike."

Kulwa akaanza kuzunguka.

Hawakutoka pale. Mama Yash alileta chai ya tangawizi, ikapoa, akaleta nyingine. Mstari kwenye skrini ulitambaa, ukasimama, ukatambaa, na kila uliposimama Dorotea naye aliacha kupumua. Mchana ulikuwa umeshasogea mstari ulipofika mwisho, na taa ya Kulwa ikaanza kumetameta. Hiyo nayo ni mpya: humwonyesha fundi diski ya kuchomoa, asije akang'oa iliyo nzima. Dorotea akamchomoa. Alikuwa bado ana joto. Badala ya kumweka mezani alimshika kiganjani, na kwa mkono wa pili akafungua picha.

Ikatoka yote, mpaka viatu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mama Yash alivaa miwani, akainama mpaka karibu na skrini. "Jamani, mnafanana hivi! Sasa wewe ni yupi?"

Dorotea alinyoosha kidole. Kikaenda kwa mmoja, kikarudi kwa mwingine, kikatua katikati, pale mikono yao ilipokutana.