Madirisha ya Shati la Nanasi

Wateja wa pale kwa fundi Victorine, Yeoville, jijini Johannesburg, walimwita Leonila Mchina. Walikosea, lakini nani angewasahihisha? Leonila mwenyewe alishachoka. Zamani alikuwa akiwaeleza kwamba yeye ni Mfilipino, kwao ni visiwani, na China hajawahi kuikanyaga. Walimsikiliza vizuri tu, wakatikisa vichwa, halafu wakamkabidhi suruali: "Haya, Mchina, nipunguzie hapa chini." Basi akapunguza. Wakongo, watu wa marehemu mume wake, wao walimwita Mama Fiona, na hilo ni jina la heshima, halina ubaya. Ila jina lake hasa lilikuwa na mtu mmoja tu wa kuliita, mumewe Lambert, naye alikwenda nalo kaburini mwaka 2016.

Usidhani alikuwa mtu wa kulialia. Aliletwa Johannesburg na familia moja ya ubalozi kuja kulea watoto, na Lambert, mtu wa Lubumbashi, ndiye aliyekuwa askari wa getini, mcheshi kupita kiasi. Familia ilipohama, yaya akabaki. Kiswahili alifundishwa na Lambert, matusi kwanza, salamu baadaye. Wakapanga fleti juu ya duka la simu, barabara ya Raleigh, wakampata Fiona, wakaishi. Sasa fleti ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amezoea kuzungumza na kitambaa.

Hicho kitambaa ndicho habari yenyewe, kwa hiyo nisikilize. Kwao Leonila, mji wa Lumban, msichana hushika sindano ya kutarizi kabla hajaaminiwa kupika wali. Wanatumia kitambaa kinachofumwa kwa nyuzi za majani ya nanasi. Ndiyo, nanasi hili hili tunalokata barabarani na kula na pilipili. Ni chepesi, kina rangi ya chai ya maziwa mengi, na kinaonyesha mwili mpaka mwanamume lazima avae fulana ndani. Hushonwa shati la harusi la mikono mirefu, nalo halichomekwi. Kazi yake ngumu kuliko zote wanaiita kalado. Fundi anachomoa nyuzi za kitambaa, mmoja baada ya mwingine, halafu zile zinazobaki anazibana kwa sindano mpaka vitokee vitundu vya mraba, vimejipanga safu kwa safu kama madirisha ya ghorofa za Hillbrow. Asiyejua ataona nguo iliyotoboka. Anayejua ataona macho ya fundi yalikoishia.

Kitambaa alipewa na mama yake siku ya kuondoka. Shati alilianza kwa ajili ya Lambert, Fiona akiwa mdogo. Mtoto yule alikuwa msumbufu! Alikuwa akipanda mapajani, anabandika jicho kwenye kitundu kimoja na kutazama robot, zile taa za magari za njia panda chini, akitangaza kila taa inapobadilika, na mama yake anashindwa kazi. Miaka ikapita, kazi za watu zikawa nyingi, shati likakaa sandukuni na nusu ya madirisha yake. Lambert alipofariki ghafla, chama cha Wakongo kilichanga kikamnunulia suti ya kuzikwa nayo. Suti nzuri, yenye kung'aa. Leonila alisimama kaburini akiitazama kichwani mwake ile suti, akawa na aibu ya shati lisilokwisha, aibu ambayo hakuweza kumweleza mtu, kwa sababu nani pale angeielewa?

Fiona alipochumbiwa na Yves, kijana wa Kirundi mpole, Leonila alilifungua sanduku. Alimwonyesha binti yake lile shati, ambalo sasa litakuwa la Yves. Fiona alikuwa amekulia hapa hapa. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, na akiudhika kwa Kizulu. Alilitazama shati upesi, simu mkononi.

"Eish, Ma. Si litaonyesha kifua chote?"

"Atavaa fulana."

"Sharp," alisema Fiona. Basi. Sharp, yaani sawa, kama mtu aliyeulizwa kuhusu chumvi.

Leonila akashona peke yake, jioni hadi jioni, karibu mwaka mzima, akisema na nyuzi kwa Kitagalogi, lugha ya kwao, maana hakuna mwingine wa kusema naye. Wafilipino wenzake walikuwa kaskazini mwa jiji huko, kwenye nyumba za matajiri, na tangu msiba alikuwa ameacha kuwatembelea. Alichotaka ni kimoja: siku ya harusi, mtu hata mmoja alitazame lile shati na ajue kwamba ile ni kazi. Baada yake hakuna mwingine. Akifa, yale yatakuwa matundu tu.

Alimaliza Julai, mwaka 2018, wiki ya harusi. Ilibaki kola na mikono kupitishwa cherehani, na cherehani ilikuwa kwa Victorine, fundi wa Bukavu, ambako Leonila alikuwa akishona pindo na vifungo. Akalipeleka asubuhi na mapema, akaliacha juu ya meza. Siku hiyo hiyo mafua ya baridi ya Joburg yakamwangusha. Alilala na blanketi zote za nyumba na koti la Lambert juu yake. Akampigia Victorine simu, sauti imekwaruza.

"Mama Victo, shati likiisha, ulifunge vizuri. Watu wasione."

Alikuwa na maana ya kulikunja na kulifunga kwenye karatasi, maharusi wasilichungulie kabla ya siku. Sasa niambie wewe, neno hilo lina kosa gani? Tunafunga mzigo, tunafunga mlango, tunafunga duka. Na tundu pia tunalifunga.

Alhamisi alipata nafuu, akajikokota mpaka dukani. Victorine alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamkalisha, akamletea chai. Kisha akalikunjua shati kwa furaha ya mtu mwenye zawadi.

"Tazama, Mama Fiona. Nimeyafunga matundu yote, moja halikubaki. Nondo walikula kile kitambaa, walikula bila huruma. Nikasema hapana, Mama Fiona hawezi kupata haya mbele ya wakwe."

Kweli, aliyafunga. Kila dirisha lilikuwa limetililiwa kwa uzi mweupe mwembamba, juu na chini, kulia na kushoto, kwa mkono. Kifua kizima cha shati kilikuwa kimekuwa ukuta.

Hasira ilimpanda Leonila. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuuliza: umekaa na mimi meza moja miaka yote hii, hukuwahi kuniuliza ninashona nini nyumbani? Akainua macho. Macho ya Victorine yalikuwa mekundu, na kwenye kidole cha shahada alikuwa amefunga plasta. Mwanamke huyu alikuwa ameacha nguo za wateja zikarundikana ili amsitiri mwenzake. Halafu Leonila akakumbuka kwamba yeye naye hakuwahi kumwonyesha.

"Asante, Mama Victo," alisema. "Umejichosha."

"Wee, asante ya nini? Sisi si ndugu?"

Alitembea kurudi nyumbani na shati kwapani, akipita kwenye saluni na vibanda, watu wakimsalimu pande zote, Mama Fiona hujambo, Mchina vipi. Aliitikia wote. Mji una watu wengi hivi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba matundu yale ndiyo yaliyokuwa shati. Upweke wa siku ile ulimzidi hata wa siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi angalau watu walijua analia nini. Akaamua atanyamaza. Yves atavaa, picha zitapigwa, yataisha.

Ijumaa jioni Fiona alipitia kuchukua nguo. Alikuwa na haraka, teksi inamsubiri, saluni inamsubiri. Akaifungua karatasi ili ahakikishe, akalinyanyua shati mbele ya dirisha la sebule. Akaligeuza. Akalirudisha mbele. Akapapasa kifua cha shati, upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Ma," alisema, na kilichofuata kilikuwa Kiswahili, kibovu, alichokuwa hajamsemesha mama yake tangu utotoni. "Madirisha yangu iko wapi?"

Fiona akaonyesha kwa kidevu njia panda kule chini.

"Ya robot. Ilikuwa hapa. Nani amefunga?"

Mama mtu akakaa kwenye kochi, akalia, na safari hii alilia kwa sauti. Fiona akaizima simu yake. Akasikiliza habari yote, ya simu na neno funga na nondo na plasta ya kidoleni, akacheka, akafuta machozi, akacheka tena. Kisha akavua viatu, akakaa chini karibu na magoti ya mama yake na kuomba sindano.

"Nionyeshe naanza wapi."

"Usivute. Bembeleza. Uzi wa Victo utoke, wa nanasi ubaki."

Kitambaa kilikuwa cha zamani na kilianza kunyong'onyea, kwa hiyo walithubutu dirisha moja tu. Fiona alilifumua mwenyewe, ulimi nje, mpaka taa za barabarani zikawaka. Akabandika jicho.

"Nyekundu," alisema.

Kesho yake, kanisani, Yves alipendeza, watu wakasema shati la mkwe ni zuri lakini la ajabu. Leonila alikaa mstari wa mbele. Katikati ya nyimbo Victorine alimsogelea, uso umejaa majuto, akamnong'oneza.

"Mama Fiona, nisamehe. Nimeliona tundu moja pale kifuani, nililisahau. Jumatatu uniletee, nilifunge."

Leonila alimshika mkono wenye plasta.

"Hilo liache," alisema. "Jumatatu njoo kwangu, nikuonyeshe nilivyolitoboa."