Herufi za Bofa

Mwaka wa 1984 nilichora ubao wa hoteli moja ya ufukweni Bofa. Mwenye hoteli alinipa karatasi ya herufi za kuiga: zimeinama kuelekea kulia, kila moja ina mstari mnene kama kidole na mwingine mwembamba kama unywele. Sikujua kusoma. Nilichora maneno kama mtu achoravyo maua, na mke wangu Mueni ndiye aliyenisomea kazi yangu.

Alipouona ubao ule alicheka kwa furaha. "Baba Jedida, hata mimi ningependa kuandikwa hivi."

Alifariki Mei iliyofuata. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, hatukuweza kumpeleka kwao Machakos. Akazikwa makaburi ya mjini, mbali na watu wake.

Nilitengeneza msalaba wa mbao, nikaanza kuandika jina lake kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo. Thuku, fundi mwenzangu, akachungulia.

"Kioko, herufi hizo ni za ubao mkubwa. Ukizipunguza hivyo, ile mistari myembamba hata nzi ataifuta akipita."

"Wewe kaandike zako za magunia ya mahindi."

"Za magunia zinasomeka, bwana."

"Mke wangu si gunia."

Akarudi kwenye kazi yake. Nilimaliza, nikaona fahari. Mungu anisamehe fahari ile.

Siku ya kuusimika msalaba niliweka nadhiri mbele za Bwana: sitarudi pale mpaka niweze kulisoma jina lake mimi mwenyewe. Nikajiandikisha darasa la jioni kanisani, mzee wa miaka arubaini na tatu, magoti yakigonga dawati. Mwalimu Idah alinivumilia. Kila jioni niliomba kabla ya kufungua daftari. Ilinichukua miaka miwili.

Jumapili niliyosoma zaburi nzima bila kusaidiwa, nilitoka kanisani moja kwa moja hadi makaburini. Pale alipolala Mueni palikuwa na kaburi jipya.

"Shikamoo, mzee Gerishom. Mke wangu yuko wapi?"

Mlinzi wa makaburi aliweka fagio chini. "Misalaba isiyosomeka iling'olewa, mwanangu, nafasi wakapewa wengine. Tangazo lilikaa langoni miezi mitatu. Hukupita?"

"Sikupita."

"Lo! Miezi mitatu yote?"

Alinionyesha rundo la mbao kando ya ua. Niliupata wangu. Jua na upepo wa chumvi vilikuwa vimekula kila mstari mwembamba. Ilibaki mistari minene tu, imeinama, haishikani, kama vijiti vilivyomwagwa. Nilijua kusoma, na hapakuwa na cha kusoma.

Niliomba, lakini maneno hayakuja. Najua Mungu analijua jina lake. Mimi nilitaka na watu walijue.

Desemba hoteli iliniita, kama kila mwaka, nitie rangi mpya kwenye ubao. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikausoma wote, herufi kwa herufi, bila kukosea.