Jina Chini ya Kifuniko

Mabomba ya mvuke nayavalisha huu mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo mtu asinifundishe. Safari hii tulitakiwa kuchagua kifuniko cha kulinda sufi ya kuzuia joto, kwenye bomba linalopita kando ya matangi ya asidi. Bati lisingefaa, hewa ya pale ingelitafuna. Tukabaki na plastiki nyeupe na kitambaa cha nyuzi za kioo. Mimi na kaka yangu, ambaye ndiye msimamizi, tukavijaribu kwa kiberiti. Plastiki ikalegea, ikadondoka. Kitambaa kikabadilika rangi tu.

"Kitambaa, Sindano," kaka akasema. "Hapo hakuna mjadala."

Kesho yake akanijia uso umemshuka. Mama kazidiwa. "Nenda kamuuguze, mdogo wangu. Kazi niachie mimi."

Jamani, nilimshukuru mpaka machozi yakanilenga. Nikakaa kwa mama siku tisa, nikimpa dawa ambazo kaka ndiye hununua.

Narudi, nakuta plastiki imeyeyuka juu ya bomba, mvua imeingia, sufi imelowa chepechepe, mtambo umezimwa. Kumbe kaka, ili amalize haraka asifiwe, alichukua plastiki iliyokuwa imejaa stoo. Na meneja alikuwa anatafuta wa kumfukuza.

Kwetu, fundi anayefunga ukingo wa mwisho huandika jina lake ndani kabla ya kupaka gundi. Nikashika kisu, nikaukata mwenyewe mbele ya meneja na kaka, sina wasiwasi hata chembe.

Ndani pameandikwa: Sindano. Ile S imepinda vile anavyoipinda kaka.

"Huo mwandiko wako, kaka!"

"Nilimkanya, bosi," akasema, wala hakupepesa macho. "Huyu mbishi."

"Nilikuwa kwa mama! Si wewe uliyenituma?"

"Mama haumwi. Huyu alikuwa hapahapa kazini."

Bomba lile tulipewa sisi wawili tu, na daftari la mahudhurio analo yeye. Nikacheka kwa hasira. Ngoja nimuumbue! Nikampigia mama, nikaweka spika.

"Mama, mwambie meneja wiki iliyopita nilikuwa wapi."

Nikasikia anakohoa, kikohozi kilekile nilichokesha nacho nikimkanda kifua.

"Kaka yako yupo hapo?"

"Nipo, mama," kaka akajibu.

Mama akashusha pumzi.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "kwangu hujafika tangu mwaka jana."