Mafua ya Mpunga

Huku Kakese, mwezi wa sita mpunga ukianza kupigwa, kila mtu ana mafua. Vumbi la makapi linaingia puani, koo linawasha, watu wanapiga chafya huku wanacheka. Tunayaita mafua ya mpunga. Hayajawahi kumlaza mtu.

Ndiyo maana dada yangu Joséline alipojilaza kwenye turubai, hakuna aliyeshtuka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, nami nilikuwa nimekuja kwake kusaidia mavuno. Saa sita mchana alikuwa anapeta na kunitania kwamba napeta kama naogopa kuukwaruza ungo. Saa saba alikuwa anatetemeka juani, anasema mifupa inamuuma, hata macho akiyageuza yanauma.

"Mafua ya mpunga hayo," alisema mume wake, shemeji Melkiadi. "Mwaka huu umedeka, mke wangu. Huyo mtoto anakufundisha uvivu."

Watu wakacheka. Joséline naye alijaribu kucheka.

Nilimshika mkono, ulikuwa wa moto. Hakuwa amepiga chafya hata moja, pua zilikuwa kavu. Niliona kwamba hayafanani na yetu, nikanyamaza. Ningemwambiaje mwenye nyumba kwamba amekosea?

Siku ya pili alikunywa tangawizi na panadol. Siku ya tatu alianza kukohoa huku ameshika mbavu, pumzi zikawa fupi fupi. Ndipo nikasema, "Shemeji, haya siyo ya mpunga."

Sauti ilitoka ndogo, lakini aliisikia. Akaenda kuita bodaboda.

Pale zahanati, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nesi akaniuliza, "Yalianza polepole?"

"Hapana. Saa sita alikuwa anafanya kazi. Saa saba hakuweza kusimama."

Nesi akamgeukia Melkiadi. "Baba, mafua ya kawaida yanakuja kidogo kidogo. Mtu anatiririka pua na bado anashika jembe. Yakimwangusha ghafla, na homa, na mwili mzima unauma, hiyo ni influenza. Mjamzito analetwa siku ileile."

"Si yote ni mafua?"

"Nyie mnayaita hivyo yote."

Akaweka kifaa chake tumboni kwa Joséline, akainama kusikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena, muda mrefu, halafu akatoka kupiga simu ya gari la wagonjwa.

Joséline alilazwa mjini Mpanda wiki mbili, akapona. Mtoto tulimzika bila jina.

Siku aliyorudi nilimpelekea maji bafuni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo.

"Mdogo wangu, siku ile uliponishika mkono, uliona?"

"Niliona, dada."

Alingoja niendelee. Nilichota maji na kummwagia mgongoni, naye hakusema kama ni ya moto au ya baridi.