Mbegu ya Matembele Haiuzwi

Mama Immaculée alikuwa mtu wa watu. Nyumba yake ya mtaa wa Kataki haikukauka wageni, na habari zote za Kalemie zilipikwa barazani kwake kabla ya kupakuliwa mjini. Kwa hiyo mchungaji alipowapa wamama wa kanisa kiwanja kando ya mto Lukuga walime mboga, hakuna aliyeuliza nani atakuwa présidente wa kundi na kuchagua cha kupanda. Sharti lilikuwa moja: Noeli ikikuta kiwanja kitupu, kinakwenda kwa vijana wafyatue matofali.

Siku ya mkutano, mwanzo wa mwezi wa kumi, Mama Immaculée alikuja ukumbini na pakiti za mbegu alizotumiwa na mpwa wake Germain kutoka Ubelgiji. Picha peke yake zilishibisha: saladi, epinari ule mchicha wa Kizungu, na shu-fleri, kabichi za maua, nyeupe pepepe. Nyuma, kwa Kifaransa, waliandika zipandwe wakati wa printemps, baridi ya Ulaya inapokwisha.

“Na printemps kwetu iko wapi?” aliuliza Mélanie, karani wa kundi.

“Printemps si wakati majani yanaota?” alijibu Mama Immaculée. “ Kwetu majani yanaota mvua ikianza. Basi hii njo printemps yetu!”

Makofi. Kisha akasimama Mama Rachelle, mjane mzee aliyehamia mjini kutoka Ankoro miaka mingi nyuma.

“Kwa mvua ya hapa, na hili joto, hizo zitatushinda. Tupande vitu vyepesi: matembele, lengalenga, bamia. Matembele hata ukiyatupa yanaota. Mbegu nitatoa mimi.”

Mama Immaculée aliona kicheko kimekaa pale kinamngoja, akashindwa kukiacha.

“Mama Rachelle, kule Ankoro mulizoea kula sahani moja na sungura. Siye tunataka mboga za watu!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Rachelle naye akacheka kidogo, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, ingawa kilikuwa hakijalegea, akaketi.

Wiki saba baadaye saladi zilikuwa zimerefuka kama vijana wa miaka kumi na minne, chungu hata mbuzi alizitema. Epinari zilitoa maua zikiwa na urefu wa kidole. Shu-fleri zilitoa majani matupu, mvua ikaziingia moyoni, zikaoza na kunuka hadi barabarani.

Mama Immaculée akaanza kutafuta anasemwaje. Akiwa anasukwa nywele, akatupa chambo: “Eh, lile shamba letu jamani...”

“Mvua ya mwaka huu imezidi, Mama,” akajibiwa.

Sokoni, mvua. Kanisani, mvua. Mji unaojua nani kalala bila kula, juu yake umefunga mdomo! Na yeye alijua vizuri angeisimuliaje hadithi hii kama ingekuwa ya mwingine: angeigiza hata mbuzi anavyotema. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Noeli ilibaki mwezi mmoja. Cha kufunika ardhi upesi hivyo ni matembele tu, na mbegu ya matembele haiuzwi popote. Huombwa, kwa mdomo wako mwenyewe, na mwenye nayo anakukatia marando. Alipiga hodi nyumba tatu. Zote zilimjibu sawa: “Ya kiwanja kizima? Labda kwa Mama Rachelle.”

Alimkuta anachambua mboga mlangoni.

“Karibu, Mama Présidente. Kaa.”

Akakaa. Akaongea juu ya boti iliyochelewa kutoka Kigoma, juu ya harusi ya binti wa jirani Josias, juu ya ndakala, wale samaki wadogo, walivyoadimika ziwani. Mama Rachelle aliitikia ee, aa, mikono yake ikiendelea na majani. Mwishowe maneno yakamwishia Mama Immaculée, jambo ambalo halikuwahi kumpata.

“Nimekuja kuomba mbegu.”

“Ya shu-fleri? Sina.”

“Ya matembele, Mama.” Akatazama miguu yake. “Na lile neno la sungura...”

“Neno lenyewe si kitu. Kile kicheko cha wote, ee. Siku mbili niliona haya kupika mboga yangu, ndani ya nyumba yangu. Mimi, na uzee huu.”

Akainuka, akampeleka nyuma ya nyumba. Marando yalikuwa yamekwisha kukatwa, mafungu makubwa yamefunikwa gunia lililoloweshwa.

“Nilikata jana, niliposikia unazunguka. Mélanie alitaka kukuletea, nikamkataza. Ulipaswa kuja mwenyewe.”

“Na watu... mbona hawanisemi?”

“Niliwaomba wanyamaze. Kuchekwa na ukumbi mzima, nimeshajua kulivyo.”

Mama Immaculée akajitwika fungu la kwanza kichwani.

Wakapanda, na Noeli ikakuta kiwanja kijani kibichi toka ukingo hadi ukingo. Mchungaji akasimama kati ya matuta, wamama wote wamemzunguka. “Mama Présidente, umechagua vizuri. Kiwanja ni chenu.”

Mélanie aliangalia chini. Ingemtosha Mama Immaculée kunyamaza tu.

“Hapana, Mchungaji,” alisema Mama Immaculée. “Mimi nilichagua zile zilizooza. Haya alichagua Mama Rachelle tangu mwezi wa kumi, na mimi nikamwambia anakula sahani moja na sungura. Mbele ya hawa wote.”

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka, na uso ukamwaka moto hata masikio. Mama Rachelle akainama, akachuma majani machanga, akamjaza Mama Immaculée mikononi.

“Chemsha kidogo tu,” alimwambia. “Yasilegee.”