Kamera Iliyopotea Nyumbani kwa Donatha

Nyumbani kwangu hakuna kifaa kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, na vyote nimevifuma kwa mikono hii hii inayouza isambaza, dagaa wetu wa ziwani. Kwa hiyo binti yangu Denyse alipoleta kompyuta yake kutoka chuo, niliipima kwa macho, na Jumapili jioni nikamaliza kuifumia mfuko wa uzi mweupe. Uliibana kama soksi. Denyse alicheka, lakini aliivalisha.

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa na usaili. Kampuni moja ya umeme wa jua ya Kigali ilitafuta fundi mmoja. Walioomba walikuwa wengi, wakabaki wanne. Wangemhoji kwa kompyuta, na barua ilisema wazi kwamba asiyeonekana uso hahojiwi. Mwanangu alisoma umeme miaka mitatu kwa isambaza zangu, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Nafasi nyingine kama hiyo sikuiona ikija karibuni.

Saa tatu akaniita kwa sauti iliyonifanya niache vyombo.

"Mama, kamera haiko!"

"Haiko namna gani? Si jicho yake iko pale juu?"

"Jicho iko, lakini kompyuta inasema haina kamera kabisa. Na siku ya posho ilikuwa inatumika muzuri!" Siku ya posho kwetu ni Jumamosi.

Tukamwita Cedric, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kwenye njia ya Petite Barrière, kule mpakani. Alikuja na miwani ya jua na Kifaransa kingi. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akaitafuta kamera kwenye orodha ya vifaa, haimo. Akafuta programu yake, akaipakua upya, nasi tukakaa tukitazama mstari ukijaa polepole. Bado hola.

"Cedric, mwanangu," nikaanza, "labda kuko kitu inje..."

"Mama, acha kwanza. Hii haiko mambo ya isambaza."

Neno hilo lilinichoma. Mimi ninatambua samaki wa jana kwa kumtazama jicho tu, tangu kabla huyu hajazaliwa.

"Bon," akasema mwishowe. "Kamera ilikufa. Uzi ya ndani ilikatika. Ile ya kubadilisha inatoka Kigali."

"Watu ya Kigali wananingojea saa ine!" Denyse akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Nilikuwa na hasira na sikujua nimtolee nani. Nikauchukua mfuko wangu ili mikono ipate kazi, nikaanza kuukunja. Hapo nikaona kitanzi kimoja cha uzi kimevutika, upande wa kulia. Sifumi vitanzi vinavyovutika. Kuna kitu kilichokuwa kinakinasa kila kompyuta ilipoingia humo. Nikauweka mfuko juu ya kompyuta, nikafuata kitanzi hadi kilipoangukia, karibu na tundu la chaja. Palikuwa na kitufe cha kusukuma, cheusi juu ya rangi nyeusi, chembamba kama punje ya mchele.

"Hii ni nini?"

Cedric akainama. Akavua miwani.

"Hii... ni ya kuzima kamera," akasema polepole. "Ukiizima, kompyuta haiione tena."

Nikakisukuma kwa ukucha. Denyse akafungua kamera tena, taa ndogo ikawaka pale juu, na uso wake ukatokea kwenye kioo, umelowa machozi.

Nasema wazi, mfuko wangu ndio ulioizima. Kosa ni langu. Lakini fundi alihangaika karibu saa nzima ndani ya programu, na mimi nikaona kwa kitanzi kimoja. Nilijisikia mkubwa, na sikuficha.

Denyse aliingia kwenye usaili amechelewa dakika sita. Mimi na Cedric tukajibanza nyuma ya pazia la mlango. Mama mmoja mkali akauliza kitu kwa Kifaransa, Denyse akajibu kirefu, akionyesha kwa vidole jinsi ninavyofuma. Nikasikia "maman" mara tatu. Wakacheka. Nikadhani wananicheka mimi.

"Wanasema nini?" nikanong'ona.

Cedric akakohoa. "Waliuliza sababu gani alichelewa."

"Na yeye?"

"Anasema kamera ilipotea, na fundi... fundi alishindwa." Akameza mate. "Anasema mama yake njo aliiona. Anasema kutafuta chanzo ya tatizo alijifunza kwako, kabla ya kuenda ku chuo."

"Rudilia."

"Mama!"

"Rudilia, Cedric. Sikusikia muzuri."

Akarudilia, neno kwa neno. Maswali mengine ya umeme yakafuata, na Denyse akajibu bila kusita hata mara moja. Kisha wale watu wakanong'onezana, na yule mama mkali akasema jambo fupi.

"Wanamuuliza," Cedric akasema, "kama anaweza kuanza kazi lundi."

Jumatatu hiyo hakuhitaji kuirudilia. Nilikuwa nimeshapita pazia, nimemkumbatia binti yangu mbele ya Kigali yote.