Shimo Juu ya Shimo

Walburga alipanda kilima cha Mapera, kwa baba yake, Jumamosi ya pili ya Machi akiwa na kilo mbili za usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, sabuni ya mche, na neno moja lililomkwama kooni tangu Jumanne. Usipa na sabuni alijua ataviweka wapi. Neno ndilo lililomshinda.

Neno lenyewe lilikuwa Kigoma.

Miaka tisa alikuwa mwonjaji wa kahawa katika kampuni moja pale Mbinga mjini. Watu wa kwao hawakuielewa kazi hiyo, na wengine waliamini ni namna tu ya kula mshahara. Asubuhi husimama mbele ya vikombe ishirini, anavunja utando wa juu kwa kijiko, ananusa, anafyonza kwa kelele ambayo mezani kwa mama yake ingemletea kofi, kisha anatema kwenye ndoo. Kwa mfyonzo mmoja angekwambia kahawa hii imelowekwa siku moja zaidi, na hii imeanikwa kwenye turubai lililowahi kumwagikiwa mafuta ya taa. Fakihi, aliyemkaangia kahawa, mtu mwenye asili ya Kilwa ambaye babu yake aliingia Mbinga na majora ya kanga, alipenda kusema kwamba siku ulimi ule ukiolewa, mume atakufa njaa, maana hakuna mchuzi utakaofaulu mtihani.

Jumanne meneja aliwaita. Chumba cha kuonjea kinahamia Kigoma, kule kampuni ilikoanza kununua kahawa ya milimani. Walburga atakuwa mkuu wake. Asipotaka, hafukuzwi. Atabaki Mbinga akipokea vifuko vya sampuli, avifunge vizuri, avipeleke Kigoma vikaonjwe na mtu mwingine. Jibu linatakiwa Jumatatu asubuhi.

Mara mbili alikuwa ameomba kuhamishiwa Moshi, akakataliwa. Alipolalamika kwamba sasa wanampa mwisho wa reli, Fakihi alimcheka. "Dada Wali, kwa anayepandia huko ndiyo mwanzo wa reli."

Kaka yake Alphonce, aliyekuwa Dodoma na ambaye Pasaka tatu zilikuwa zimepita bila kukanyaga Mapera, alimwambia kwenye simu aende. Baba bado ana nguvu, alisema, na majirani wapo. Aliyasema hayo kama mtu anayesifia baiskeli aliyokwisha kuiuza.

Lakini Machi ni mwezi wa ngoro, na ngoro kwa Wamatengo ni kazi ya wawili. Mwanamume hufyeka nyasi akazilaza mteremkoni kwa miraba, kama wavu ulioanikwa juu ya kilima. Mwanamke humfuata na jembe. Anachimba katikati ya kila mraba na udongo anaufukia juu ya nyasi, hata nyasi zigeuke tuta na katikati libaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuteremka na kilima. Mama ya Walburga alikuwa mtu wa Lipingo, kule ziwani, alikozoea kulima mihogo kwenye mchanga tambarare. Alipoolewa huku juu walimcheka misimu miwili. Msimu wa tatu alianza kuwacheka yeye.

Mama alifariki miaka mitano iliyopita. Machi iliyofuata Walburga alikuja kumjulia hali baba yake, akakuta nyasi zimelazwa shamba zima na jembe la marehemu limeegemezwa mlangoni. Mzee Placidi hakumwomba kitu. Walburga alivua viatu akalichukua jembe, na tangu siku hiyo Machi ikawa yake.

Sasa alimkuta mzee amekaa juu ya jiwe kando ya shamba, akinoa nyengo yake ya kufyekea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, nyasi zimekauka mpaka zinaniuliza."

Nyasi zilikuwa zimelazwa vizuri, nene, zimenyooka, miraba inalingana kama vigae vya kanisani. Walburga alijifunga kitenge akaingia shambani akijiambia kwamba neno lake atalitoa saa ya kupumzika. Kwenye mraba wa tatu mguu wake ulididimia. Akasogeza nyasi kwa ncha ya jembe. Chini yake palikuwa na tuta la zamani. Akajaribu mraba wa nne, na wa tano, akashuka hadi wa kumi. Kila mahali ni hivyo hivyo. Nyasi zilikuwa juu ya matuta ya miaka miwili iliyopita, na kila shimo jipya lingeangukia ndani ya shimo la kale.

Ngoro huhama, na mtoto wa miaka minane pale Mapera analijua hilo kabla hajajua Baba Yetu. Palipokuwa shimo panakuja tuta, na palipokuwa tuta, nyasi za zamani zilikooza na kuwa mbolea, ndipo panafunguliwa shimo na udongo wake mweusi kupandishwa. Ukirudia shimo juu ya shimo, unachimba udongo mwekundu usio na kitu, unaufukia juu ya mbolea yako mwenyewe. Walburga hakuwahi kumwona Mmatengo mzima akifanya kosa hilo. Na baba yake ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye mashamba ya wengine kuamua mistari ipite wapi.

Alikumbuka Krismasi, mzee alipomuuliza mara mbili kama mvua imenyesha Mbinga. Alikumbuka pia Januari, alipokuta chumvi kwenye kopo la sukari, akacheka naye.

Alisimama na jembe mkononi. Angeweza kuzikusanya nyasi na kuzilaza upya. Lakini vilima vya Mapera vinatazamana kama watu waliokaa uso kwa uso. Mwanamke akionekana analaza nyasi huku mwenye shamba amekaa juu ya jiwe, jua halitazama kabla kilima cha pili hakijajua kwamba Mzee Placidi amekwisha. Angeweza kumwambia. Lakini angemwambia kwa sentensi ipi, na baada ya sentensi hiyo, Kigoma angeitaja kwa mdomo upi?

Akainama, akaanza kufukia. Udongo ulitoka mwekundu, mgumu, ukilia chini ya jembe. Alichimba mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee alimtazama akiendelea kunoa. Saa sita walikula ugali na usipa. Mzee aliusifu usipa, akauliza habari za Fakihi na kama bado anakaanga na redio masikioni. Walburga alijibu yote, akaosha vyombo, akarudi shambani. Neno halikutoka.

Alipomaliza mstari wa nne, mzee aliita.

"Walburga. Unaondoka lini?"

Jembe lilisimama. "Nani kakwambia, baba? Alphonce?"

"Alphonce hanipigii. Umeniambia wewe." Alilaza nyengo juu ya magoti. "Wewe ni mwonjaji. Watu wanakulipa useme hii mbovu, hii imechacha. Umekanyaga mashimo yangu tangu asubuhi, na umenyamaza."

"Sikutaka kukuumiza."

"Mama yako angenitukana mpaka kilima cha pili wasikie. Angenitukana kwa sababu maharage yenyewe angeyala. Mgeni ndiye asiyetukana. Anakula alichopewa, anashukuru, maana anajua keshokutwa hayupo."

Walburga alikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa shimo. Ndipo akasema yote: chumba kinachohama, ukuu, safari ya siku mbili au tatu kwa basi kupitia Mbeya na Sumbawanga, jibu la Jumatatu. Mzee alisikiliza akitazama miguu yake. Aliuliza swali moja tu, kama Kigoma kuna ziwa. Walburga akasema lipo, refu kuliko la kwao.

"Basi mama yako angekwenda," mzee alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Walburga alilazimika kuinama ili aisikie, akaongeza: "Sikukosea kwa kutojua. Nilipofika mstari wa nne mguu uliniambia, nikasema, kesho nitarudia. Kesho yake nikasahau kwamba nilisema."

Jumapili baba na binti hawakwenda Misa. Walizitoa nyasi mraba kwa mraba, wakahamisha mistari. Mzee alianza yeye kulaza, lakini kila baada ya hatua chache alisimama, akatazama juu na chini kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake, na mwishowe Walburga alimpokea nyasi mikononi akazilaza mwenyewe. Watu walipotoka kanisani walipita njia ya juu, wanawake na sare zao, wanaume na makoti mabegani. Waliona. Mama Albina, jirani ambaye katika maisha yake hakuwahi kupita mahali bila utani, alisimama, akatazama nani analaza na nani amekaa.

"Poleni na kazi," alisema, akaenda zake.

Walburga angelipokea dhihaka kwa moyo mweupe. Ile pole ilikuwa ya msibani.

Jua lilizama ikibaki mistari minne ya chini, ile aliyokuwa ameifukia Jumamosi. Waliiacha kama ilivyo.

Jumatatu alimwandikia meneja kwamba anashukuru, ila hataweza. Meneja hakubembeleza. Wiki ile ile mwonjaji mwingine alitafutwa, na vikombe vikafungwa kwenye magazeti. Fakihi alikwenda Kigoma na tanuri lake. Alipomuaga alijaribu kutania, akasema sasa anaweza kuolewa kwa amani, ulimi umestaafu. Wote wawili walitazama pembeni. Chumba kikabaki na meza ndefu, mizani, na Walburga, akipokea vifuko, akivibandika namba, akivituma magharibi bila kujua vina ladha gani.

Jumamosi alipanda Mapera kumwambia baba yake kwamba anabaki. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alichinja kuku. Walburga alishuka akiwaza kwamba, kwa bei yoyote ile, amenunua angalau mkono ule.

Jumamosi iliyofuata alimkuta mlangoni na kifuko cha maharage, kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Ya safari," mzee alisema. "Maharage ya Kigoma sijui yakoje."

"Baba, siendi. Nilikwambia nimekataa."

Mzee alimkazia macho. Sura yake ilifurahi, kisha ikaona haya, kisha ikajifunga. Aliomba radhi. Wakalima, wakala. Jumamosi ya tatu kifuko kilikuwepo tena, na yeye amevaa koti lake la kanisani ili amsindikize. Walburga alieleza upya. Furaha ilikuja upya, na haya ikaja nyuma yake. Jumamosi ya nne alipoiona haya ile inapanda usoni, Walburga aliamua kwamba hatamwonjesha tena aibu hiyo.

Akapokea kifuko. Akasema asante, baba.

Mvua za Aprili zilivunja ile mistari minne ya chini. Matuta yalipasuka moja baada ya jingine na udongo mwekundu ukateremka hadi kijitoni. Ile ya juu ilishika maji, na Juni ilitoa maharage mengi kuliko mwaka uliopita. Mama Albina na binti zake walikuja kusaidia kuvuna. Hakuna aliyetaja sehemu ya chini. Walipita kando yake kama watu wanavyopita kando ya kaburi.

Chumbani kwake Mbinga, chini ya kitanda, vifuko vilikuwa kumi na kimoja. Walburga havipiki. Jirani yake alishauri viuzwe kabla havijaingia wadudu, naye akasema atafikiria.

Kila Jumamosi inakwenda hivyo hivyo. Saa kumi mzee huvaa koti, humsindikiza hadi kwenye njia panda ya bodaboda, humpa kifuko, humwambia asilale kwenye basi akaibiwa, na amsalimie Fakihi. Humshika mkono kwa mikono yake miwili. Kila juma Walburga huagwa kwa safari ambayo hakuisafiri, na anayemuaga hulia machozi mapya.

Jioni ile ile Walburga hupiga simu, maana mzee hahesabu tena siku za njiani. Dirishani ukungu wa Mbinga huwa umeshuka hadi kwenye taa za dukani, naye amejifunika shuka mabegani kwa baridi.

"Nimefika, baba."

"Umefika salama? Huko kuna baridi?"

"Hapana. Kuna joto."

"Na ziwa umeliona?"

Walburga hutazama meza yake, ambapo hakuna kikombe.

"Nimeliona, baba. Ni kubwa."

"Haya," mzee husema, akiwa ametulia. "Basi fanya kazi."